Kutoka Ua la Pareto hadi Pompi ya Mgongoni

Kwa miaka mingi, dawa ya wadudu iliyopita mikononi mwa vibarua wa milima inayozunguka Goma ilikuwa ua. Walowezi wa Kibelgiji walipanda pareto Kivu tangu miaka ya 1930, na Vita Kuu ya Pili ikaipandisha thamani, kwani majeshi ya Washirika yaliihitaji kuulia mbu na chawa. Vibarua walichuma ua moja moja kwa vidole, wakaanika. Anayekumbuka enzi hizo hukumbuka vumbi: ngozi ikiwasha, macho yakitoa machozi, kifua kikibana. Hayo yalikuwa madhara ya kweli, na hakuna aliyemfidia mchumaji. Hata hivyo, sumu ya pareto huvunjika upesi juani, na kukamuliwa kwake kulifanyika kiwandani, mbali na shamba.

Mwanakemia Paul Müller aligundua nguvu ya DDT ya kuua wadudu mwaka 1939, na baada ya vita dawa za maabara zikawa rahisi kuliko ua. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilipotaifisha mali za wageni kuanzia tarehe 30 Novemba 1973, mashamba mengi ya walowezi yalififia. Goma nayo ilikuwa ikikua na kutaka chakula. Masisi, Rutshuru na Kibumba zikailisha kwa viazi, kabichi na maharage.

Kiazi ndicho kilichomvika kibarua pompi ya kupulizia dawa mgongoni. Baridi na mvua za misimu miwili hulea ukungu ambao wakulima huuita mildiu, unaoweza kukausha shamba zima kwa siku chache. Kinga yake ni unga wa mankozebu, unaopuliziwa tena na tena. Unga huu hauangushi mtu papo hapo, na ndiyo sababu hauogopwi. Lakini mabaki yake huvuruga tezi ya shingoni, na Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa dawa hii mwishoni mwa 2020. Za wadudu, kama dimethoate, ni kali zaidi: huzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu. Kichwa kinauma, jasho na mate vinatoka ovyo, tumbo linasokota, mwili unatetemeka. Ni rahisi kudhani ni malaria, na mgonjwa akatibiwa ugonjwa asiokuwa nao.

Hapo zamani mchumaji alijua anachoshika. Leo dawa mara nyingi hufika shambani katika kifuko kidogo au chupa ya maji iliyojazwa upya sokoni, bila lebo wala ule mstari wa rangi unaoonyesha ukali wake. Hata lebo ikiwapo, lugha yake huenda si ya msomaji. Kanuni ya Kazi ya Kongo ya 2002 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake, lakini kibarua wa siku hana karatasi ya ajira, na mwenye shamba huenda anaishi mjini.

Glavu na buti husaidia, ila kitambaa puani hakizuii mvuke. Kikubwa kuliko vyote ni maji, na hayo ndiyo haba. Chini ya volkano ya Nyiragongo ardhi ni lava yenye matundu. Mvua huzama, mto haupo. Wakimbizi wa Rwanda walipojaa Kibumba mwaka 1994, maji yaliletwa kwa malori. Pompi moja hubeba lita 15 hivi, na zote humwagiwa kiazi. Aliyeibeba, mgongo ukiwa umelowa kwa dawa iliyovuja, hurudi nyumbani bila kunawa na kumpakata mtoto.

Kwa hiyo kinga ianzie kwenye bidoni: lita 20 za maji na kipande cha sabuni, ukingoni mwa shamba, kwa ajili ya mpulizaji peke yake, na nguo zake zifuliwe mbali na za watoto. Maji hayo yasiingie kwenye pompi, hata ya kuchanganyia dawa yakiisha.