Mke na Mume wa Yellowstone

Mama msomaji, harufu ya Yellowstone hukufikia kabla hujaona kitu. Ni kama yai viza. Tulikuwa wanawake sita, wageni wa akina mama wa kanisa moja la Montana, na sote tulifunika pua kwa khanga tukicheka. Mwenyeji wetu aliyekuwa akiendesha gari alituambia tutazoea, na kweli tulizoea.

Hii ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza Marekani, iliyotengwa tarehe 1 Machi 1872. Ardhi yake inachemka. Tope linatokota kama uji jikoni, na ile chemchemi maarufu, Old Faithful, hurusha maji ya moto juu zaidi ya mita 30 kila baada ya dakika 90 hivi. Tuliitazama, tukapiga picha. Lakini mimi nilitaka kuona kijito kiitwacho Nez Perce Creek, ambacho magari mengi hukipita bila kusimama.

Emma Cowan na mumewe George, aliyekuwa mwanasheria, walikuja hapa mwaka 1877 kupumzika. Wakati huo hapakuwa na hoteli wala barabara ya maana. Walikuja na farasi, mahema na ndugu na marafiki, wakiwamo kaka yake Emma na mdogo wake Ida, msichana wa miaka 13. Tarehe 24 Agosti walikuwa wanatimiza miaka miwili ya ndoa.

Asubuhi hiyo waliamka wakakuta watu wa kabila la Nez Perce kambini. Nao walikuwa na msiba wao. Walikuwa wamekataa kuhamishwa kwenye nchi ya mababu zao, wakawa wanakimbia jeshi la Marekani, watu mia saba na zaidi, pamoja na wazee na watoto wachanga. Tarehe 9 Agosti, kule Big Hole, askari walikuwa wamewavamia alfajiri wakiwa wamelala, wakaua wanawake na watoto wengi. Kwa hiyo vijana wao walikuwa na uchungu moyoni.

Mwenzao mmoja pale kambini alianza kuwagawia unga na sukari. George akamzuia kwa ukali. (Wanaume wetu hawa! Hata kwenye hatari lazima waseme nani mwenye mali.) Wakachukuliwa mateka, na baada ya safari ya saa kadhaa George akapigwa risasi ya paja, akaanguka. Emma alishuka kwenye farasi, akapiga magoti, akamkumbatia kichwa na kuomba auawe yeye kwanza. Walimvuta pembeni. Mtu mmoja akampiga George risasi ya kichwa huku mkewe anaona.

Usiku ule Emma aliketi karibu na moto wa Chifu Joseph, akilia. Mama mmoja wa Nez Perce akamwekea mtoto wake mchanga mapajani. Kisha alipomwona bado analia akauliza sababu, na alipoambiwa mume wake ameuawa, akasema kwamba moyo wake unaumwa. Nimefanya kazi wodini miaka mingi. Mwanamke huyo mkimbizi alijua la kufanya kuliko wengi wetu tuliosomea.

Kesho yake Emma, kaka yake na Ida waliachiliwa, wakapewa farasi wawili waliochoka. Emma alirudi kwa wazazi wake akiwa mjane.

Kumbe George hakufa! Ile risasi ilibanwa bapa kwenye mfupa wa paji la uso, haikupenya. Mfupa huo ni mnene, lakini nawaambia kama muuguzi, ni wachache wanaobahatika hivyo. Alizinduka, akajaribu kusimama, akaonwa, akapigwa risasi ya tatu nyongani. Miguu ikakataa kabisa. Basi akaanza kutambaa kwa viwiko, akifuata kijito kurudi kambini, zaidi ya kilomita 15, siku baada ya siku, na usiku wa kule ni baridi hata Agosti. Kambini alimkuta mbwa wao bado anangoja. Akaokota kahawa iliyomwagika na viberiti, akachemsha kahawa kwenye kopo. Watangulizi wa jeshi walipomwona walimwashia moto na kumwachia chakula. Usiku moto ukasambaa kwenye udongo, ukamwunguza.

Emma aliona kwenye gazeti kwamba mumewe yu hai. Alisafiri usiku na mchana kumfuata. Njiani kurudi naye, gari la farasi lilipinduka wakatupwa nje wote wawili. Walipofika hotelini Bozeman, rafiki aliyekuja kumfunga vidonda aliketi kitandani, kitanda kikavunjika. George akasema kama hayo hayajammaliza, basi walete mzinga.

Risasi iliyotolewa kichwani aliivaa kwenye mnyororo wa saa yake. Yule Chifu Joseph alisalimu amri tarehe 5 Oktoba 1877, zikiwa zimebaki kilomita 65 hivi kufika Kanada. Sikuweza kujizuia kumwaza yule mama na mtoto wake.

Mwaka 1901 Emma na George walirudi Yellowstone pamoja, wakaonyeshana mahali pale.

Nilisimama kando ya kijito nikitazama bonde alikotokea akitambaa. Wenzangu walikwisha kuingia garini, wananipigia honi. Jioni nilimpigia simu mzee wangu nyumbani. Aliniuliza kama nimewaona wale nyati wa Marekani wenye manyoya shingoni. Nikamjibu ndiyo, halafu nikamsimulia habari za George mpaka salio likaisha.