Nyumba za Rehani Bonde la Kilombero: Tawasifu ya Mpiga Mnada

Nyumba ya rehani hufika mnadani pale mkopaji aliyeiweka dhamana anaposhindwa kurejesha mkopo, na aliyemkopesha akaamua kuiuza ili alipwe. Tanzania Bara, msingi wa mauzo hayo ni Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001 na kurekebishwa mwaka 2004, kisha mwaka 2008 kupitia sheria ya kuwezesha mikopo ya rehani. Benki yenye rehani iliyosajiliwa hailazimiki kwenda mahakamani kwanza. Hutoa notisi ya siku 60 inayomweleza mkopaji amekosea wapi na anadaiwa kiasi gani. Siku hizo zikipita bila malipo, nyumba hukabidhiwa kwa dalali. Mwandishi wa tawasifu hii aliishi kwa kazi hiyo ya udalali Ifakara na katika vijiji vilivyo njia ya Mlimba, Mbingu kikiwamo. Alianza kama kijana wa kubandika matangazo, akaja kuwa mshika nyundo.

Nyumba nyingi zilizopita mikononi mwake zilikuwa Ifakara mjini, katika mitaa yenye viwanja vilivyopimwa, kama Viwanja Sitini na Kibaoni. Benki hupenda hati ya kiwanja kwa sababu husajiliwa kwa Msajili wa Hati na huuzika kwa mtu yeyote. Mbingu mambo ni tofauti. Sehemu kubwa ya ardhi huko ni ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na mwenye nyumba mara nyingi huwa na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya kijiji tu. Mpango wa serikali wa kurasimisha ardhi uliofanywa Kilombero, Ulanga na Malinyi katika miaka ya 2010 uliwapa wengi hati za haki miliki ya kimila, na hizo nazo zikaanza kuonekana kwenye mafaili ya wakopeshaji. Lakini anayenunua nyumba ya namna hiyo, hasa akiwa mgeni, lazima apite kwa halmashauri ya kijiji. Nyundo ya dalali haiondoi mamlaka ya kijiji juu ya ardhi yake. Mwandishi aliona hili kuwa jambo la kwanza la kumweleza kila mteja aliyetoka Morogoro au Dar es Salaam na pesa mfukoni.

Madeni ya bondeni yana msimu wake. Mkulima hukopa kabla ya mvua ili alipie trekta, mbegu na vibarua wa palizi, akitegemea kulipa mpunga ukishavunwa katikati ya mwaka. Bei ikishuka wakati wa mavuno, au maji yakikaa shambani kupita kiasi, marejesho yanakwama. Wafanyabiashara wa mpunga na wenye mashine za kukoboa hufuata njia hiyohiyo, maana wao wamewakopesha wakulima. Pale Mbingu kakao husaidia kidogo: huvunwa kwa awamu, na kaya yenye miti ya kakao upande wa milima ya Udzungwa hupata pesa hata mpunga ukigoma. Wala wakubwa hawakusalimika. Kampuni ya Kilombero Plantations Limited, iliyokuwa na shamba la mpunga la zaidi ya hekta 5,000 pale Mngeta, ilishindwa kurejesha mikopo yake, na mwaka 2019 ikawekwa chini ya msimamizi wa wadai.

Katika kazi nzima, hatua aliyoithamini mwandishi kuliko zote ni tangazo. Sheria ya Wapiga Mnada inasema ardhi isiuzwe kwa mnada mpaka zipite angalau siku 14 tangu kutangazwa katika mji mkuu wa wilaya na pia mahali mnada utakapofanyika. Tangazo liwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, litaje jina la mwenye mali na anapoishi, na lisiishie kwenye maandishi. Litolewe pia kwa njia ambayo asiyejua kusoma ataielewa. Kwa nyumba ya Mbingu hiyo ilimaanisha karatasi moja Ifakara, nyingine kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji, na kipaza sauti juu ya gari likipita polepole sokoni.

Karatasi ilitiwa ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua, ikapigwa misumari midogo pembe zote nne. Watu walikusanyika kabla nyundo haijamaliza kugonga. Mmoja husoma kwa sauti, wengine husikiliza, na likifika jina kunakuwa kimya, kwa kuwa jina hilo ni la jirani, la mzazi wa mwanafunzi, la mtu wa kwaya. Kazi hii ina uchungu wake, na mwandishi hakuwahi kuuzoea. Hata hivyo aliamini kuwa kumficha mkopaji kwa kutotangaza ni kumdhulumu. Mkopaji ana haki ya kulipa deni na kuikomboa nyumba wakati wowote kabla haijauzwa, na mara kadhaa jina lililosomwa hadharani ndilo lililowakutanisha ndugu wakachanga. Kijana wa matangazo anayebandika karatasi jioni, akaipiga picha kwa ajili ya faili, kisha akaibandua, humnyima mkopaji nafasi hiyo na humuuzia mnunuzi kesi.

Siku 14 hizo ndizo pia za mnunuzi kufanya kazi yake. Anayefika siku ya mnada bila kuikagua nyumba ananunua bati na kuta tu. Mnunuzi makini alianzia kwenye hati: namba ya kiwanja, jina, kodi ya pango la ardhi inayodaiwa, na kama kuna zuio lililosajiliwa. Akishatoka hapo alikwenda kwenye nyumba yenyewe akazungumza na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji. Nyumba moja ya Mbingu ilionyesha vizuri kwa nini. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati zima, sakafu ya saruji, na nyuma yake miti ya kakao iliyofunga kivuli kimoja na migomba. Karatasi ya rehani ilitaja nyumba. Miti, kwa maelezo ya majirani, ilikuwa imepandwa juu ya eneo la kaka wa mkopaji, na mpaka ulikuwa mfereji wa maji usioonekana mpaka mtu ainame chini ya majani. Wateja wawili walikuwa wamepiga hesabu ya kakao ndani ya dau lao. Aliyeinama akaona mfereji alitoa dau dogo zaidi, na lilikuwa sahihi.

Jambo jingine la kuuliza ni ndoa. Nyumba wanayoishi mume na mke haiwekwi rehani kihalali bila ridhaa ya mwenzi, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mwanandoa kuiuza au kuiweka rehani peke yake. Saini ya mke inapokosekana kwenye faili, au inapoonekana ya mkono uleule ulioandika ya mume, dalali mwenye busara huirudisha kazi benki.

Mnada wenyewe ni mfupi. Dalali husoma masharti, hutaja dau la kuanzia, na sauti hupanda mpaka zinapobaki mbili, kisha moja. Benki huwa imeshampa bei ya chini asiyoruhusiwa kushuka. Bei hiyo haitoki hewani: mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei bora inayopatikana, na nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko ya nyumba zinazofanana nayo, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umekiukwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo wanaokuja wakitarajia nyumba ya bure huondoka mikono mitupu. Vijijini kuna tatizo la kinyume: majirani hawataki kununua. Kuishi ndani ya nyumba ya mwenzako aliyefilisika ni jambo zito, na madau mengi ya Mbingu yalitoka kwa watu wa Ifakara au kwa wafanyabiashara waliokuja kwa treni ya TAZARA.

Mshindi hulipa asilimia 25 papo hapo na kupewa stakabadhi; zilizobaki hulipwa ndani ya muda uliotajwa kwenye masharti, kwa kawaida wiki mbili. Akishindwa, amana yake iko hatarini na nyumba hurudi mnadani.

Mauzo ya amri ya mahakama hufuata utaratibu mwingine, na wanunuzi wengi huyachanganya. Huko anayeuza ni dalali wa mahakama, ambaye tangu kanuni za 2017 hutakiwa kuwa na cheti cha mafunzo ya Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto. Mauzo yanaweza kupingwa kabla mahakama haijayathibitisha; yakishathibitishwa ndipo mnunuzi hupata cheti cha mauzo. Tena Sheria ya Mwenendo wa Madai inaikinga nyumba anamoishi mdaiwa na familia yake isikamatwe kwa deni la kawaida lililoamuliwa na mahakama. Kinga hiyo haimsaidii aliyeiweka nyumba yake rehani kwa hiari.

Katika mauzo ya benki, baada ya malipo kukamilika hufuata uhamisho wa hati, ushuru wa stempu, na kukabidhiwa nyumba. Mnunuzi wa rehani anayenunua kwa nia njema analindwa na kifungu cha 135 cha Sheria ya Ardhi. Hatakiwi kuchunguza kama kweli mkopaji alishindwa kulipa, ila ulinzi huo hauwafuniki walioshiriki udanganyifu au walioujua. Ulinzi wa karatasi haufungui mlango, hata hivyo. Mwandishi alipendelea makubaliano ya kuhama yaliyoandikwa mbele ya mwenyekiti, mkopaji akipewa muda wa kuvuna kilicho uani na watoto kumaliza muhula.

Mwisho ni hesabu. Bei ya mnada hulipa kwanza kodi na tozo za ardhi, kisha gharama za mauzo, kisha deni. Kinachobaki ni cha mkopaji. Wakopaji wengi wa bondeni hawakujua kuwa kuna salio la kudai, na benki haikuwa na haraka ya kuwakumbusha, hivyo mwandishi alijiwekea desturi ya kuwapelekea nakala ya hesabu ya mnada, ikionyesha bei iliyopatikana, makato yote, na kiasi wanachostahili kurudishiwa.