Mothabodi Kwanza: Safari ya Busia na Tororo

Kwaya yetu ya Mumias hurekodi kwa simu, na kwa muda mrefu nyimbo zake zilihaririwa kwenye kompyuta ya kuazima. Hatimaye tulichanga shilingi 30,000 nikatumwa nikatafute vipuri, niunde kompyuta yetu wenyewe. Wengi wenye shida kama hii huelekezwa Nairobi, Luthuli Avenue, ambako maduka ya elektroniki yamebanana ghorofa kwa ghorofa. Mimi nilichagua Busia. Mji ule hulishwa na njia mbili: bidhaa zinazopanda kutoka Mombasa na Nairobi, na zile zinazoteremka kutoka Kampala. Kilichokosekana upande huu wa mpaka huenda kipo upande wa pili, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Tena dada yangu ameolewa Tororo na sikuwa nimewahi kukanyaga kwake. Sikuwa nimewahi kuvuka mpaka wowote.

Kazi ya kwanza niliifanya nyumbani, kwa daftari. Vipuri vya kompyuta havichaguliwi kimoja kimoja kwa bei. Vinachaguliwa kwa kuiuliza mothabodi. Soketi iliyo juu yake ndiyo inayoamua prosesa gani itaingia. Prosesa za Intel za kizazi cha 2 na cha 3 hukaa kwenye soketi ya LGA1155, za kizazi cha 4 kwenye LGA1150, na za cha 6 na cha 7 kwenye LGA1151. Kisha kuna mtego: kizazi cha 8 na cha 9 nacho hukaa kwenye LGA1151, soketi inayofanana kwa macho na ile ya nyuma yake, lakini ukiiweka prosesa hiyo kwenye bodi ya zamani haiwaki. Upande wa AMD mambo ni mepesi zaidi kwa mwenye pesa kidogo, kwa sababu soketi ya AM4 ilidumu kuanzia prosesa za Ryzen 1000 hadi za 5000. Ramu nayo hufuata bodi. DDR3 ina pini 240 na DDR4 ina 288, na mwanya wa kijiti umehamishwa makusudi ili mtu asilazimishe moja mahali pa nyingine. Haya yote niliyaandika katika kurasa chache, na daftari lile lilinifaa kuliko ushauri wa mtu yeyote niliyekutana naye njiani, isipokuwa mmoja nitakayemtaja.

Barabara ya Mumias hupita Butula na kutokea Bumala, na hapo huungana na ile inayotoka Kisumu. Kuanzia Bumala malori ndiyo mwenyeji. Kadiri ulivyokaribia Busia msururu wao ulizidi kurefuka, madereva wamekaa kivulini wakinywa chai.

Maduka ya kompyuta ya upande wa Kenya yamejaa mashine za ex-UK, zile zilizotumika maofisini Ulaya kisha zikauzwa kwa jumla. Dell OptiPlex 7010 ilikuwa karibu kila kaunta. Ni mashine nzuri, iliyotoka mwaka 2012, na ukiipata ikiwa na Core i5-3470 na ramu ya GB 8 bei yake inavutia kweli. Muuzaji mmoja, kijana mchangamfu, aliniwekea moja mbele.

“Chukua hii, kaka. Hutajuta.”

Nilimwuliza kama itakubali Windows 11. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa haki kabisa kwamba haitakubali. Windows 11 hutaka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, au ya AMD kuanzia Ryzen za 2000 zenye usanifu wa Zen+, pamoja na kitengo cha usalama cha TPM 2.0. Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mtu atakayetumia Linux, OptiPlex ile bado ni mali, nami ningemshauri aichukue bila kusita. Lakini programu ambayo mwalimu wetu wa kwaya ameizoea ni ya Windows, na kompyuta yetu itaunganishwa kwenye intaneti kila wiki. Sikutaka kutumia pesa za watu kununua kitu ambacho ulinzi wake umekwisha.

Nilinunua vitu viwili tu upande ule: SSD ya GB 256 na vijiti viwili vya ramu ya DDR4, kila kimoja GB 8. Hapo kwenye ramu ningependa msomaji atulie nami. Kibanda kimoja kilikuwa na vijiti vya GB 16 kwa bei ya chini kuliko vya GB 8 vya jirani yake. Vilikuwa visafi, vina pini 288 kama inavyotakiwa, na vingeingia kwenye bodi bila shida yoyote. Lakini kibandiko chake kiliandikwa PC4-2400T-R. Herufi ile ya mwisho ndiyo yenye neno. R ni ramu ya seva, ambayo kompyuta ya kawaida haiwezi kuitumia. U ni ya kompyuta ya mezani. S ni ya laptopu, nayo ni fupi hata kwa macho. Ramu za seva huuzwa rahisi kwa sababu kampuni kubwa huzitupa kwa wingi na wanunuzi wake ni wachache. Muuzaji mwenyewe hakuwa na nia mbaya. Nilipomwonyesha herufi ile alitoa simu akaipiga picha.

Kuvuka ilikuwa rahisi kuliko nilivyotishwa. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huruhusiwa kuvukiana kwa kitambulisho cha taifa, na kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, kimewaweka maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Unasimama mara moja tu. Nje ya kituo waliketi wabadilishaji fedha na mabunda yao. Siku hiyo shilingi 1 ya Kenya ilipata kati ya 27 na 29 za Uganda. Kando ya barabara walipita watu wenye ulemavu kwenye baiskeli zao za magurudumu matatu, zimesheheni magunia na katoni. Wengi hutaja boda boda tu wanapoizungumzia Busia. Mimi niliondoka na heshima kubwa kwa wafanyabiashara wale wa magurudumu matatu, ambao wameendesha maisha yao hapo kwa nguvu za mikono.

Upande wa Uganda ndipo nilipokipata nilichokuja kukitafuta. Katika duka dogo lililochanganya chaja za simu, redio na kompyuta, palikuwa na mothabodi ya A320 yenye soketi ya AM4, na kwenye sanduku lingine prosesa ya Ryzen 3 3200G. Prosesa hii ina kadi ya michoro ndani yake, kwa hiyo hakuna haja ya kununua nyingine. Imo pia katika orodha ya Windows 11. Mdogo wake, 2200G, hayumo, ingawa wanatofautiana tarakimu moja tu na duka lilikuwa nao wote wawili.

Lakini soketi kukubaliana si mwisho wa maneno. Bodi za A320 zilianza kuuzwa mwaka 2017, na 3200G ilitoka Julai 2019. Bodi iliyobaki na baiosi yake ya mwanzo, yaani programu ya kuiwashia, haitaitambua prosesa iliyozaliwa baada yake. Utaiwasha, feni itazunguka, na skrini itabaki nyeusi. Nilimwomba mwenye duka, mama mmoja wa makamo, aiwashe mbele yangu.

“Ssebo, wewe si mnunuzi, wewe ni mkaguzi,” alisema akicheka, lakini aliagiza kijana wake alete skrini.

Prosesa za AM4 zina pini 1,331 chini yake, nyembamba mno, na kwenye iliyotumika huenda zimepinda. Tuliigeuza juani tukaitazama mstari kwa mstari kabla ya kuiweka. Ilipowaka, baiosi ikaonyesha jina la prosesa na tarehe ya mwaka 2020. Tulikubaliana shilingi 380,000 za Uganda kwa vyote viwili. Nikaomba risiti yenye jina la kila kitu, naye akaiandika vizuri.

Jioni nilipanda takisi, yaani matatu kwa lugha ya kwetu, kwenda Tororo. Mwamba wa Tororo huuona kabla ya kuuona mji. Unasimama peke yake kwenye nchi tambarare, kilele chake kikiwa mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Chini yake kuna kiwanda cha saruji na reli inayoingia kutoka Kenya kupitia Malaba, ambayo hapo huchomoza tawi la kwenda Mbale, Soroti, Lira, Gulu hadi Pakwach. Dada yangu alinipokea kwa vigelegele. Shemeji alitaka kuviona vipuri hata kabla ya chakula, akavipanga mezani, kisha akaniambia kuna mzee fundi wa redio ambaye siku hizi hutengeneza kompyuta za mashule, na kwamba nisinunue pawasaplai kwa mtu mwingine.

Mzee yule ndiye niliyeahidi kumtaja. Kibanda chake ni chembamba, ukuta mzima ni makasha matupu ya kompyuta. Nilimsalimu, nikamweleza ninachotafuta.

“Keti, mwanangu. Kwanza nionyeshe bodi, kasha litafuata.”

Aliipima kwa rula. Bodi yetu ni ya aina ndogo ya ATX, sentimita 24.4 kila upande, kwa hiyo itaingia kwenye kasha lolote la kawaida, lakini si kwenye yale makasha membamba ya ofisini ambayo matundu ya skrubu yake ni ya kampuni moja tu. Halafu akaniwekea pawasaplai mbili. Moja ilitoka kwenye Dell OptiPlex 9020, safi, nzito, bei ya kutupa. Akaikataa mwenyewe. Plagi yake kuu ina pini 8, na bodi ya kawaida inataka 24. Ya pili ilikuwa ya wati 450, yenye pini 24 na plagi nyingine ya pini 4 kwa ajili ya prosesa, yaani vile vile bodi ilivyotaka. Nyuma yake palikuwa na swichi nyekundu ndogo.

Aliniita nitazame. Swichi ilisoma 115.

Baadhi ya pawasaplai za mtumba zimetumika Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120. Kenya na Uganda hutumia 240. Ukiichomeka ikiwa kwenye 115 italipuka papo hapo, na ukiwa na bahati mbaya itaondoka na bodi. Mzee aliisogeza hadi 230 kwa ncha ya bisibisi, kisha akaipigia gundi ili mtoto asije akairudisha. Kasha na pawasaplai vikanigharimu shilingi 120,000 za Uganda.

Tuliiunda pale pale mezani kwake. Vijiti vya ramu tuliviweka kwenye nafasi ya pili na ya nne, kwa kuwa kadi ya michoro iliyo ndani ya prosesa hukopa ramu ya kompyuta, na inapata kasi zaidi vijiti vikiwa viwili vikifanya kazi sambamba kuliko kimoja kikubwa. Skrini ikaonyesha GB 16 na SSD ikaonekana. Nilifurahi kupita kiasi, wala sikuficha. Mzee naye alicheka kwa sauti.

Kurudi, nilipitia kituoni mchana kweupe na risiti zangu mkononi. Wapo walionielekeza njia za panya. Sikuona sababu ya kuhatarisha mali ya kwaya. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kompyuta na sehemu zake zimewekwa kwenye asilimia 0, lakini kodi ya ongezeko la thamani ya Kenya, asilimia 16, iko pale pale. Fedha hiyo nilikuwa nimeitenga tangu Mumias. Nilitangaza nilichobeba, nikalipa nilichoandikiwa, na hesabu ya kwaya haikuvuka shilingi 30,000.

Nina ombi kwa wenye maduka ya Busia, pande zote mbili. Mnapobandika bei kwenye mothabodi, andikeni pia soketi yake, aina ya ramu, na tarehe ya baiosi. Kwenye ramu, andikeni ile herufi ya mwisho. Kwenye pawasaplai, andikeni idadi ya pini na volti. Ni maneno manne au matano kwenye kibandiko kile kile cha bei, na mteja aliyetoka mbali, ambaye hawezi kuvuka mpaka mara ya pili kurudisha kitu kisichoingia, atajua anachonunua.