Kushindilia

Kitenzi "kushindilia" siku hizi tumekiachia daladala na matumbo. Abiria wanashindiliwa, ubwabwa unashindiliwa. Kilosa, kwa wazee waliowahi kuwinda, bado kina kazi yake ya kale: unamimina baruti kwenye mtutu wa gobore, unaweka makumbi, unasukuma kwa mdeki, unatia vipande vya nondo, kisha unashindilia tena. Risasi haipo mpaka uitengeneze mwenyewe, humo humo ndani ya bunduki.

Mzee mmoja wa huko, aliyekwisha kusalimisha gobore lake serikalini, alinionyesha kipimo alichokuwa akitumia. Nilitegemea kuona kijiko au kifuniko cha chupa. Akafungua kiganja.

"Swala, ijae hapa tu," akagusa bonde la katikati. "Nyati, ifike hapa." Akagusa mashina ya vidole.

"Na kiganja kikiwa na jasho, mzee?"

"Utajua ukishafyatua, mwanangu."

Marekani na Afrika Kusini wako wawindaji wanaofanya kazi hiyohiyo ya kujijazia risasi, ila wao wanaifanya mezani, kwa mizani ya kielektroniki. Kipimo chao kinaitwa punje, jina lililotokana na punje ya shayiri. Punje 7,000 ndiyo ratili moja, kwa hiyo punje moja haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Chukua .375 H&H Magnum, risasi iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, na ambayo mpaka leo inabebwa na wawindaji wa nyati na tembo Afrika Mashariki. Kichwa chake cha kawaida kina punje 300, kama gramu 19. Mjazaji anaongeza nusu punje ya baruti, anapiga risasi tatu kwenye karatasi iliyo mita 100 mbele, anapima matundu yameachana kiasi gani, anarudi mezani. Kesho anagusa kitu kingine, labda kina cha kichwa ndani ya ganda. Ukimtazama harakaharaka utadhani anatafuta nguvu. Nguvu ilishapatikana tangu 1912. Huyu anataka risasi ya kumi ifanane na ya kwanza, basi.

Gobore haliwezi hilo, na si kwa ujinga wa mzee. Baruti ya kienyeji ya leo si sawa na ya juzi. Vipande vya nondo havina umbo moja, na mtutu uliotokana na bomba hauna mifereji ya kuizungusha risasi ili inyooke. Halafu una nafasi moja tu. Nyati hakusubiri ushindilie tena. Ndo maana nachoka ninaposoma hadithi zinazolipamba gobore kama alama ya ushujaa. Mzee alinisimulia jinsi mwenzake alivyompiga nyati jioni, akampata mguuni. Damu waliifuata mpaka shamba la mkonge, giza likawarudisha. Asubuhi mama mmoja aliyetoka kuokota kuni akakutwa humo, amekufa.

"Nyati yule yule?"

Mzee akaanza kuniuliza bei ya mahindi mjini.

Sheria ya silaha ya 2015 haimruhusu mtu kujitengenezea risasi bila leseni, awe na mizani au kiganja. Sina ugomvi nayo. Risasi zitoke kiwandani, nikajiambia, na viwanda vyenyewe haviko mbali: Shirika la Mzinga, linalotengeneza risasi, liko Morogoro hukohuko.

Barabara ya Kilosa kwenda Mikumi inapita kijiji kiitwacho Ulaya. Nilikipita nikiwa bado na imani hiyo. Mikumi, jirani na hifadhi iliyoanzishwa 1964, askari wa wanyamapori mstaafu akanipunguzia. Risasi ya kiwandani nayo ina tabia zake, alisema. Baruti iliyopimwa kwenye baridi ya Uingereza inapandisha shinikizo ikichomwa na jua letu, na zamani viwanda vya huko vilijaza risasi maalumu za nchi za joto, baruti pungufu kidogo. Na ile .458 Winchester Magnum iliyotoka 1956 ilikuwa na ganda fupi, ikabidi baruti ibanwe ili ienee. Zikikaa miaka, baruti iligandana, haikuungua yote, na mtu akajikuta mbele ya tembo na risasi iliyotoka kama imechoka.

"Walishindilia," akasema, bila kujua kwamba neno hilo nimetoka nalo Kilosa.

Nikamuuliza alikuwa akianzia wapi alipoitwa kijijini kumfuata nyati aliyejeruhiwa. Alianza, akasema, kwa kuuliza amepigwa na nini. Wakimjibu gobore, hakuhangaika na nyayo za shambani. Nyati mwenye vyuma mwilini hukaa kwenye majani marefu karibu na maji.

"Tulianzia mtoni. Na kwanza tuliwarudisha akina mama wenye ndoo."