Wa Tatu Kutoka Kushoto

Nyumbani kwetu Tungi, Kigamboni, hakukuwa na albamu. Kulikuwa na picha moja, nyeusi na nyeupe, iliyohifadhiwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi zetu za kliniki. Wanafunzi thelathini na wawili wamepangwa mistari mitatu, walimu wamekaa kwenye viti, na mtoto aliyechuchumaa mbele ameshika kibao cha chaki: DARASA VII 1978. Mama ni wa tatu kutoka kushoto, mstari wa kati.

Shule za huku enzi hizo hazikuchapisha vitabu vya wahitimu. Mpiga picha alivuka na pantoni kutoka mjini, akapiga, akarudi wiki iliyofuata na nakala za waliokuwa na hela. Kitabu chetu kilikuwa hiyo karatasi moja, na kwa miaka mingi niliitazama kama picha ya mama tu. Hao wengine thelathini na mmoja sikuwauliza.

Mwaka 2008 Serikali ilipotangaza mpango wa mji mpya wa Kigamboni, kila ukoo ulianza kuulizana shamba la babu ni la nani na nani mtoto wa nani. Nikaitoa picha mbele ya bibi mdogo. Akaisogeza karibu na macho, kisha akaweka kidole juu ya msichana aliyesimama begani kwa mama. "Huyu damu yenu, mjukuu wangu. Babu yako alikuwa na kaka yake Kimbiji." Mama akashangaa. Alikaa naye dawati moja miaka saba, hakujua.

Ndipo nikaenda shuleni kuomba kuona rejesta. Mwalimu mkuu alifungua stoo mwenyewe. Lilikuwa daftari refu la jalada gumu, pembe moja imeliwa na mchwa: namba, jina, mwaka wa kuzaliwa, mzazi au mlezi, anakotoka, tarehe ya kuondoka, sababu. Walioingia darasa la kwanza mwaka 1972 walijaa ukurasa mmoja na kipande. Ada ilikuwa bado inalipwa, haikufutwa hadi 1973. Walioingia 1977, mwaka wa elimu ya msingi kwa wote, wamejaza kurasa hadi mwalimu akaandika pembezoni. Miaka ya kuzaliwa sikuiamini sana. Mama mwenyewe alipokelewa kwa kupitisha mkono juu ya kichwa mpaka ashike sikio la upande wa pili. Baada ya hapo mwalimu akamkadiria mwaka.

Yule msichana nilimpata kwa shida, kwa sababu jina lake la pili lilikuwa la mjomba aliyemlea. Watoto wengi waliopelekwa kwa ndugu ili wasome waliandikwa hivyo, na ndiyo maana koo zinapotafutana hazionani. Lakini mwalimu fulani, Mungu amlipe, aliongeza kwa wino mwekundu jina la baba mzazi na la babu. Jina hilo la mwisho ni la baba yake babu yangu. Kwenye safu ya anakotoka: Kimbiji.

Siku hizi mambo ni mengine. Daraja la Nyerere lilifunguliwa 2016, Kigamboni ikawa wilaya peke yake nje ya Temeke, wageni wakajenga, shule zikaongezeka. Binti yangu alipomaliza la saba alikuja na kitabu cha rangi, kila mtoto na ukurasa wake, anachopenda, anachotaka kuwa. Kizuri sana. Lakini majina ni moja moja, mengine ya utani. Nilimwomba mwalimu wa darasa, kwa heshima zote, mwaka unaofuata waandike majina matatu na mtaa. Mtoto wa mwanangu atamtafuta nani kwa jina la utani?

Kimbiji tulikwenda mimi na mama. Yule msichana wa pichani, mama mkubwa wangu, yu hai, magoti tu yanamsumbua. Walishikana mikono muda mrefu bila neno. Kisha akaagiza aletewe nakala yake ya picha ileile, akaigeuza. Nyuma kulikuwa na majina thelathini na mawili, matatu matatu, kwa kalamu ya wino, mstari kwa mstari kama walivyosimama. Mama akavaa miwani, akayasoma yote kwa sauti. Alipofika la kumi na tisa akasimama.

"Babu yake huyu siye. Lete kalamu."