Gari Dogo la Kaka

Haba na haba hujaza kibaba. Kaka yangu, fundi hapa Bulla Pesa, anaandaa Datsun 1200 kwa mbio fupi za magari ya kawaida. Vijana humcheka: injini yenyewe haifiki lita 1.2! Naye huwajibu kwamba mwaka 1954 Volkswagen yenye injini ndogo vilevile ilishinda Coronation Safari, mama wa Safari Rally. Injini hakuibadilisha. Ametoa taili ya akiba, ameosha kabureta, ametia plagi mpya na kukagua breki zisishike magurudumu. Uzito ukipungua, nguvu ileile hulisukuma gari upesi zaidi. Mama ataka liuzwe, nilipiwe karo. Karo naihitaji, wallahi! Lakini fizikia nimeielewa chini ya gari hilo. Nimemsihi mama angoje hadi likizo.