Mkeka wa Rozari, Tshopo

Toleka, ile baiskeli ya abiria ya Kisangani, ilinishusha kwenye moja ya barabara za mtaa wa Tshopo zinazojulikana kwa namba tu. Giza lilikuwa limeshatanda na umeme umekatika, ingawa maporomoko yanayozungusha mitambo ya umeme ya mji hayako mbali. Nikafuata sauti. Ilikuwa ya mwanamke mmoja, ya chini, isiyo na haraka, kisha watoto wengi wakamwitikia.

Uani palikuwa na mbabula, lile jiko la makaa, yenye sombe ya majani ya muhogo, harufu ya mawese, na mkeka mmoja mkubwa. Ukutani, chini ya taa ndogo ya betri, ilining'inia picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu iliyochujuka rangi kwa miaka mingi. Mama mwenye nyumba hakukatisha Salamu Maria. Alinionyesha mahali pa kukaa kwa kidole, na fumbo lilipokwisha ndipo akasema, "Karibu, Papa. Tukimaliza tutakula." Angeweza kunizaa, lakini hapa hata mtoto wa kiume huitwa Papa kwa heshima.

Nilihesabu vichwa kumi na tisa, na wa kwake walikuwa watano.

Nilipomuuliza wengine aliwaalika lini, alitikisa kichwa. "Sikumwita mtu. Walisikia." Alianza na wanawe mwaka 2000, chini ya kitanda, katika vile vita vya siku sita. Msomaji wa mbali pengine hakumbuki: kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni mwaka ule, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipigana humu mjini, mji usio wa yeyote kati yao, yakigombea pia daraja la mto Tshopo, na mabomu yakawaangukia watu majumbani mwao. Raia walikufa kwa mamia. Mama huyu alishika rozari kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kushika. Mabomu yalipokoma, rozari haikukoma. Jirani mmoja akaja, akaja na wa pili, na leo wanaokusanyika hapa wanazuru wagonjwa na kuchangia sanda za wafiwa.

Parokia huwaandika watu kama hawa katika daftari la vyama vya kitume, wakapewa mwenyekiti na katibu. Si vibaya. Ila daftari huja baadaye sana, na mimi nilitaka kuona mkeka wenyewe.

Ile picha ya ukutani nayo ina safari yake. Padre Gabriel Grison, wa shirika la Mapadre wa Moyo Mtakatifu lililoanzishwa na Leo Dehon, alifika hapa kwenye maporomoko ya mto Kongo mwaka 1897, na siku ya Noeli mwaka huohuo akaanzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli. Mapadre walihubiri ibada ya Moyo Mtakatifu, lakini wazazi ndio walioitundika picha yake ukutani na kuipigia magoti kila jioni.

Nikiwa pale mkekani nilimfikiria mzazi mwingine, wa upande wa pili wa ziwa Kivu. Daphrose Mukasanga aliolewa mwaka 1965 na Cyprien Rugamba, mshairi na mtunzi wa ngoma mashuhuri wa Rwanda, aliyepita seminari kisha akaiacha imani. Ndoa ilimuumiza Daphrose, naye akasali. Ilipita miaka 17 kabla Cyprien, baada ya kuugua mwaka 1982, hajapiga magoti karibu naye. Mwaka 1989 walihiji Paray-le-Monial, Ufaransa, palepale ilipokolea ibada ya Moyo Mtakatifu, na mwaka 1990 wakaanzisha Jumuiya ya Emmanuel nchini Rwanda, jumuiya ya walei na familia. Wakawalisha pia watoto wa mitaani wa Kigali. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994 wanajeshi waliwaua nyumbani kwao pamoja na watoto wao 6. Usiku kucha walikuwa wamekesha mbele ya Ekaristi. Jumuiya yao haikufa. Mwaka 2015 Kanisa lilifungua rasmi kesi ya kuwatangaza wenye heri.

Watu wakimtaja Rugamba huanza na mashairi. Mimi huanza na Daphrose, na ile miaka 17 ya sala yake. Pasipo miaka hiyo Jumuiya ya Emmanuel ya Kigali isingezaliwa vile.

Pale Tshopo, fumbo la tano lilikwisha. Mtoto mdogo kuliko wote alikuwa amelala na rozari mkononi, na hakuna aliyemwamsha kwa kumkemea. Dada yake alimbeba tu. Sombe ilikuwa imepoa kidogo. Mama akachukua mwiko, akawapakulia kwanza watoto wa majirani.